Sinza na Manzese, Watoto wa Baba Mmoja

Huku Mlimani boom limeshakata roho na wiki ijayo nina tesiti mbili, kwa hiyo kwa haki kabisa saa hizi ningekuwa kwenye kimbweta na daftari. Lakini kuna jambo limenikaa kooni tangu Jumanne, nimeona bora nilitoe kuliko kulala nalo.

Jumanne tulikuwa na semina, mada ni ukuaji wa miji. Jamaa mmoja, kijana mzuri tu na tunasoma naye kila siku, akasimama akasema tatizo la Dar es Salaam ni watu wa Manzese na wenzao wanaovamia maeneo, na kwamba dawa yao ni katapila moja na usiku mmoja. Akamalizia: "Angalieni Sinza palivyopangika. Wale walifuata utaratibu." Darasa zima likacheka. Na mimi nikacheka. Hapo kwenye kucheka kwangu ndipo panaponiuma mpaka leo.

Maana mimi ni mtoto wa Manzese. Nimezaliwa na kukulia upande wa Midizini, shule ya msingi nimesoma hukohuko. Hosteli nilikosa, kwa hiyo mwaka huu nimepanga Sinza, chumba kimoja tumejazana watatu na kitanda tunalalia kwa zamu. Siku za wiki naamka Sinza, Jumapili nakwenda kula ugali wa mama Manzese. Ninaposhuka Shekilango mpaka Barabara ya Morogoro, nikaipita Urafiki, nikafika Tip Top, hata kwa miguu haichukui saa moja (na siku hizi ni kwa miguu, si nimesema boom limekata roho!). Lakini ukiwasikiliza watu utadhani ni nchi mbili, unahitaji pasipoti kutoka moja kwenda nyingine.

Tuanze na Sinza, maana ndiyo inayosifiwa. Kwanza ukisema unakaa Sinza hujasema kitu, utaulizwa Sinza ipi? Kuna Kijiweni, kuna Makaburini, Palestina, Mori, Lego, Afrika Sana, Kumekucha. Halafu kuna Kwa Remmy, kituo ambacho nakipenda kuliko vyote kwa jina lake. Ni Remmy Ongala huyo, mwanamuziki aliyezaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaja Dar mwishoni mwa miaka ya 1970, akapiga na Orchestra Makassy kisha Super Matimila. Alikuwa akiishi Sinza, basi watu wakashuka "kwa Remmy" mpaka ikawa jina la mahali. Alifariki Desemba 2010, lakini makonda wa daladala bado wanamwita kutwa nzima. Mtu aliyejulikana kwa kuimba shida za maskini ameachiwa kituo katika mtaa wenye viwanja vilivyopimwa. Sijui angesema nini, ila nadhani angecheka.

Kuhusu kupangika, sibishi. Mitaa ya Sinza imenyooka. Unamwelekeza mgeni "kata kulia, nyumba ya nne geti la bluu" naye anafika. Bajaji inakushusha mlangoni. Gari la kunyonya maji machafu linaingia, linatoka. Lakini msidhani ni peponi. Nyumba nyingi zilizojengwa kwa ajili ya familia sasa ni gesti, baa, saluni na maduka ya nguo. Ijumaa usiku muziki unapigwa mpaka alfajiri, na ukiwa na tesiti Jumamosi unatamani ukalale Manzese upate usingizi. Mzee mwenye nyumba yetu anasema alipopewa kiwanja chake hapa palikuwa pori, nduguze walimcheka kwamba anakwenda kuishi na fisi. Leo hao hao wanamwomba awatafutie frem ya duka.

Sasa huo unyoofu ulitoka wapi? Hapa ndipo nilipotaka mwenzangu wa semina anisikilize.

Baada ya uhuru, serikali ilikuwa inabomoa nyumba duni na kujenga mpya badala yake, kazi iliyokuwa chini ya Shirika la Nyumba la Taifa lililoundwa 1962. Magomeni ni mojawapo ya sehemu zilizopitiwa na mpango huo. Lakini ilikuwa ghali, na watu walikuwa wanaingia mjini haraka kuliko nyumba zilivyokuwa zinapanda. Kwa hiyo mwaka 1972 serikali ikabadili mwendo. Ikasema sasa tutafanya mambo mawili: kwanza tutapima viwanja vipya, tuweke barabara na huduma, kila mtu ajijengee mwenyewe taratibu. Pili, pale ambapo watu wameshajenga bila ramani, hatutawabomolea, tutawaboreshea palepale. Mwaka 1974 Benki ya Dunia ikakopesha fedha na mradi ukaanza, Dar es Salaam pamoja na Mwanza na Mbeya.

Awamu hiyo ya kwanza, viwanja vipya vya Dar vilipimwa wapi? Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Na wa kuboreshewa palepale walikuwa nani? Manzese!

Mradi mmoja, mkopo mmoja, miaka ileile. Sinza na Manzese ni watoto wa baba mmoja. Tofauti ni kwamba Sinza ramani ilifika kabla ya watu, na Manzese watu walifika kabla ya ramani. Sinza mtu alikuta barabara imeshatengewa nafasi na kiwanja chake kina namba, na iliyokuwa Benki ya Nyumba ilikuwa inatoa mikopo ya ujenzi. Kwa hiyo tusiseme "walifuata utaratibu" kama vile waliutafuta kwa tochi. Utaratibu waliletewa mpaka mlangoni. Na hata huo utaratibu wenyewe tusiupake mafuta sana, maana viwanja vile vilikusudiwa watu wa kipato cha chini, lakini sehemu kubwa iliishia kwa watu wa kipato cha kati, wengine kwa kugawiwa, wengine kwa kununua kutoka kwa waliogawiwa.

Na hawa "wavamizi" je? Babu yangu alikuja Dar kutoka Matombo, Morogoro, mwaka 1969. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa kimefunguliwa mwaka mmoja nyuma, 1968, kwa msaada wa China, naye akapata kazi. Mshahara wake haukutosha kupanga Kariakoo na kila siku kupanda basi, kwa hiyo akatafuta mahali pa karibu ambapo angeweza kwenda kazini kwa miguu. Akanunua eneo kwa mzee wa Kizaramo mwenye shamba, mbele ya mashahidi, na minazi mitatu iliyokuwamo akailipia mmoja mmoja. Karatasi ya mauziano mama anayo kwenye sanduku la bati mpaka leo, imekuwa ya njano kama chai. Hiyo si hati ya ardhi, nakubali. Lakini jamani, mvamizi gani analipia minazi?

Ndivyo Manzese ilivyojaa. Wafanyakazi wa viwanda vya Ubungo, makuli, mafundi, mama ntilie, vijana wa mitumba. Hata tabia yake imetoka huko. Manzese hailali wala haijidai. Ukitaka suruali ya mtumba, sufuria ya kukodi kwa ajili ya shughuli, fundi wa kuziba galoni, vyote utavipata kabla jua halijazama, na ukipungukiwa na mia mbili utaambiwa "utaleta." Majina ya vituo vyetu nayo ni vituko vitupu: Argentina, Darajani, Tip Top, Kwa Mfuga Mbwa. Tip Top hiyo ndiyo iliyolipa jina kundi la Tip Top Connection la bongo fleva, na Madee mpaka leo anaitwa Rais wa Manzese. Sijawahi kusikia Rais wa Mikocheni.

Mpaka hapa mnaweza kudhani nimekuja kuwatetea watu wa kwetu tu niondoke. Ingekuwa rahisi hivyo ningelala vizuri.

Baada ya ile semina nilikwenda maktaba kutafuta silaha ya kumpigia mwenzangu, nikakutana na utafiti wa wachumi wakiongozwa na Guy Michaels, uliochapishwa 2021. Wamepima kwa picha za satelaiti na takwimu za nyumba yale maeneo ya mradi wa miaka ya 1970, katika miji saba ya Tanzania, kuona yamekuwaje baada ya miongo kadhaa. Walichokuta ni kwamba maeneo yaliyopimwa kabla ya watu, kama Sinza, yana nyumba bora na kubwa zaidi, zilizopangika, zenye huduma nzuri zaidi. Na yale yaliyoboreshwa baada ya watu kujenga? Leo hayana tofauti kubwa na maeneo ya aina yake ambayo hayakuguswa kabisa na mradi. Nilisoma mara mbili. Nikafunga kompyuta, nikaenda kunywa soda kwa mkopo.

Unajua nilichukia nini? Si kwamba wamekosea. Nilichukia kwa sababu najua kwa nini wako sahihi, tena naijua sababu kwa macho, kwa sababu mojawapo iko nyumbani kwetu.

Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na njia. Nikiwa mdogo tulikuwa tunapishana na mkokoteni wa maji pale, na siku ya Idi tulikuwa tunachezea mpira hapohapo. Baba alipofariki nilikuwa darasa la sita. Mama akabaki na watoto watatu na meza ya kuuzia vitumbua. Akafanya kile ambacho majirani wote walikuwa wanafanya. Akaongeza chumba kimoja upande wa nyuma, akapangisha. Chumba kile kimekaa juu ya nusu ya njia. Jirani wa ng'ambo naye alikuwa ameshasogeza choo chake upande wake. Kilichobaki ni uchochoro wa mtu mmoja, tena asiwe mnene. Hakuna aliyemkataza, maana hakuna aliyejua njia ile ni ya nani. Mradi ulipitisha barabara chache kubwa, lakini huku ndani, katikati ya nyumba na nyumba, mpaka ulibaki kwenye midomo ya wazee, na wazee wanakufa.

Mwaka juzi, mwezi wa Ramadhani, bibi mmoja jirani yetu alizidiwa usiku. Bajaji iliitwa, ikasimama barabarani kwa sababu haina pa kuingilia. Tukambeba kwenye shuka, vijana wanne, kila mmoja ameshika pembe. Tulipofika kwenye kona ya nyumba yetu hatukupita. Ilibidi tumteremshe, wawili watangulie, wawili wamsukume na kumvuta kwa ubavu kati ya ukuta wetu na ukuta wa choo cha jirani, huku anaugulia, na maji machafu yanapita chini ya miguu yetu. Alipona, nashukuru Mungu, aliishi miezi kadhaa baada ya hapo. Nilipokwenda kumjulia hali alinishika mkono akaniambia, "Nyumba yenu imenenepa, mwanangu." Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana halinitoki.

Chumba kile kinapangishwa elfu hamsini kwa mwezi, kodi ya miezi sita kwa mkupuo, laki tatu. Mnajua laki tatu hiyo inakwenda wapi? Mkopo wangu wa chuo hautoshelezi, kwa hiyo laki tatu ndiyo inayoniweka hapa Mlimani. Ndiyo iliyolipia sehemu ya ada na ndiyo inayolipa mchango wangu wa chumba huku Sinza. Yaani ile njia aliyokosa kupitia bibi, mimi ndiye ninayeila. Nasoma ukuaji wa miji kwa fedha ya uchochoro ulioibwa!

Jumapili iliyopita nilimwambia mama. Nilijiandaa na maneno mazuri ya kisomi. Alikuwa anachambua mchele, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Sawa baba, ukitaka tuvunje, tutavunja. Muhula ujao utasoma na nini?" Sikuwa na jibu. Nikamwambia nikimaliza chuo, mshahara wangu wa kwanza utavunja kile chumba. Akacheka sana. "Kwanza uupate," akasema, akaendelea kuchambua mchele.

Basi haya ndiyo maoni yangu, myachukue au myaache.

Kuhusu katapila, hapana. Wakivunja Manzese usiku mmoja, wale watu hawatayeyuka. Watakwenda mbali zaidi, watanunua eneo jingine lisilopimwa, wataanza upya uchochoro uleule, safari hii mbali na kazi. Serikali yenyewe ililiona hilo 1972, tusiwe sisi wasomi wa leo ndio tunaolisahau. Kinachohitajika ni njia. Mtaa ukae chini, nyumba kwa nyumba, wakubaliane wapi bajaji na gari la zima moto vitapita, na anayepoteza chumba alipwe fidia, maana chumba ni ada ya mtoto wa mtu. Kuanzia 2004 watu wa maeneo kama yetu walianza kupewa leseni za makazi, kwa hiyo kumbe tunaweza kutambuliwa. Lakini leseni haimbebi mgonjwa. Inatutambua tulipo, haitupi pa kupitia.

Na watu wa kwetu nao tusijifiche nyuma ya umaskini kwa kila jambo. Umaskini ulimfanya mama aongeze chumba. Haukutukataza sisi, familia kumi zinazozunguka njia ile, kukaa mkeka mmoja na kusema hapa tuishie. Hatukukaa. Kila mmoja alisubiri mwenzake aanze kusogeza ukuta.

Lakini ninayemwogopa zaidi ni sisi wenyewe, tuliokaa kwenye ile semina. Nawajua wanafunzi wenzangu watatu wanaochangishana wanunue eneo nje ya mji, na mmoja wao ni huyuhuyu bwana katapila. Goba, Kibamba, Chanika, huko ndiko watu wanakokimbilia, na sehemu nyingi wananunua kwa mwenye shamba mbele ya mashahidi, hatua ishirini kwa ishirini, vilevile kama babu 1969, bila hata minazi. Ukimuuliza muuzaji njia iko wapi anakuonyesha kwa kidole, "itapita hapa." Itapita lini, na nani atailinda? Serikali ilionyesha tena kwamba inaweza kutangulia watu, ilipoanza mradi wa viwanja 20,000 mwaka 2002, Mbweni, Kibada na kwingineko. Lakini watu hawasubiri mradi. Kwa hiyo tusipodai viwanja vipimwe kabla ya kununua, na tusipokuwa tayari kila mmoja kuacha hatua mbili za eneo lake ziwe za wote, tutajenga Manzese mpya yenye mageti ya umeme. Na wajukuu wetu watakuja kukaa kwenye semina, wacheke.

Sinza na Manzese siku hizi zote ziko Manispaa ya Ubungo, zamani zote zilikuwa Kinondoni. Hata walipogawa manispaa hawakuzitenganisha. Basi tuache kuzifanya moja malaika na nyingine shetani.

Jana nilimfuata yule jamaa pale kwenye kimbweta, nikamwambia kwetu ni Manzese. Alikosa pa kutazama. Akasema pole, alikuwa anatania, nami nikamwambia hata mimi nilicheka, kwa hiyo tumelipana. Nikamkaribisha Jumapili aje ale ugali wa mama. Amekubali. Akauliza, "Bajaji inafika mpaka mlangoni?" Nikamwambia haifiki, itatushusha barabarani, halafu tutatembea, na tukifika kwenye kona ya nyumba yetu itabidi apite kwa ubavu.

Kwa leo niishie hapa, daftari linanikodolea macho. Niombeeni kwenye tesiti, na wiki njema kwenu nyote.